Ekotir Iko Njiani

Ombati,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ya ofisini. Kwa Ekegusii ningelia kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza, na kwa Kiingereza ningeanza kujidai tena. Kujidai ndiko kulikotufikisha hapa, mimi na kalamu yangu, wewe chini ya udongo wa kwenu Ikonge, kando ya nyumba yako, hatua chache kutoka kwenye migomba.

Mke wako amenipa daftari. Nitafika huko. Niache kwanza nianze na aibu ndogo, labda nitapata nguvu ya kuifikia kubwa.

Unalikumbuka lile sanduku la santuri. Yule mwalimu wa kujitolea aliyenifundisha sekondari aliporudi kwao Ulaya aliniachia mimi, santuri kumi na nne na gramafoni ya betri, kwa sababu alisema ni mimi peke yangu niliyekaa kimya alipotupigia darasani. Wenzangu walicheka, mimi nikakaa kimya. Basi nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu: sikukaa kimya kwa kuelewa. Nilikaa kimya kwa kuogopa kuonekana mshamba. Nilipopata kazi ya ukarani mjini Kisii, mwaka wa sabini na tatu, niliingia chumba changu cha kupanga na godoro, sufuria mbili na hilo sanduku, na kutoka siku hiyo nikawa mtaalamu.

Ilikuwa ile roki ya wimbo mmoja kujaza upande mzima wa santuri. Kinanda kinalia kama cha kanisani kisha kinapandwa na wazimu, ngoma zinabadilika kila ukidhani umezizoea, mwimbaji haonekani mpaka umeshachemsha chai na kuinywa. Mimi na Mogaka, karani mwenzangu wa meza ya pili, tuliuita muziki wa kichwa. Mwingine wote, rumba ya baa, twisti, magitaa ya redioni ambayo mama zetu waliyaongezea sauti, tuliuita muziki wa miguu. Tukaweka na sheria. Mtu akigonga mguu wimbo ukiendelea, anatoka nje, anasimama uani na kuku wa mwenye nyumba mpaka upande uishe. Watu wazima, Ombati, tena wenye tai.

Wewe ulikuja ofisini na fomu za shule. Tulikuwa tumesoma pamoja shule ya msingi, kisha ukaenda chuo cha ualimu, ukarudi kwenu kufundisha darasa la kwanza na kuongoza kwaya ya Wasabato. Nilikuwa napiga mluzi huku nikigonga mihuri. Ukasikiliza kidogo, ukauliza, "Huo wimbo mbona unachechemea?" Nikakualika Jumapili, kwa kuwa Jumamosi ilikuwa Sabato yenu. Sikukualika kwa wema. Nilitaka mtu mpya wa kumtisha.

Siku ile ya kwanza ulishika jalada la santuri kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Ile bendi ilijiita Kanisa la Kioo. Ukasoma jina, ukageuza, ukauliza taratibu, "Na hili ni la dhehebu gani?" Mogaka alicheka mpaka akatoa machozi. Kuanzia hapo kila santuri ikitoka sandukuni mmoja wetu lazima aulize ni ya dhehebu gani. Na wale wengine, Bwana Saa na Majirani Zake, wewe ndiye uliyesema, baada ya robo saa ya kinanda peke yake, kwamba majirani leo wamesafiri. Tuliyacheka maneno yako, Ombati, lakini tulikucheka wewe. Haikutupitia akilini hata mara moja kwamba ulikuwa unatania. Sisi ndio tulikuwa na ruhusa ya kutania.

Na mguu wako. Mguu wako haukukaa. Siku ya pili nikakutoa nje kwa mujibu wa sheria, ukaenda ukasimama na kuku. Uliporudi ukasema, "Ni saba."

Nikauliza saba nini.

"Mapigo. Anahesabu saba ndipo anaanza upya. Ndiyo maana unachechemea."

Nikakuambia, mbele ya Mogaka, kwamba wimbo una mapigo manne, ukipungua ni matatu, na kwamba muziki huu si wa kupimwa kwa solfa za kwaya, hizo do-re-mi. Nililitamka neno kwaya kama mtu anayetema mbegu. Ukasema sawa, ukaomba radhi, ukamenya ndizi ukanipa. Kila Jumapili ulikuja na ndizi mbivu za shamba lako, zimefungwa kwa majani makavu ya mgomba.

Juzi nilikaa peke yangu nikauweka ule wimbo, nikahesabu kwa vidole. Nilirudia mara nne. Ni saba.

Sasa nifike kwenye kubwa.

Jumapili moja uliondoka mapema kuwahi basi. Mogaka akasema, "Huyu mwalimu wako siku hizi anatuhesabia mapigo. Karibu atatufundisha sisi." Alisema kwa mzaha, lakini mimi iliniingia, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeshika moja ya ndizi zako. Nikaitazama, nikasema neno letu la nyumbani, ritoke. Kisha nikalisoma kutoka nyuma kwenda mbele. Ekotir. Likasikika kama kitu cha ng'ambo kabisa. Mogaka nusura apaliwe.

Tulikula ndizi zako zote huku tukiipamba bendi ambayo haijapata kuwako duniani. Wajerumani wanne. Santuri moja tu, wimbo mmoja, pande zote mbili. Mpango ulikuwa tukuulize kama unaijua, na wewe, kama mtu yeyote anayetaka kukubalika, useme naam, naijua sana. Hapo tungekukamata, na usingetuhesabia tena.

Nikakuuliza Jumapili iliyofuata. Ulifikiri. Ukasema, "Siijui. Naweza kuisikia wapi?"

Ndivyo tu. Hukujitia kujua. Kati ya watu watatu mle chumbani ni wewe peke yako uliyeweza kusema siijui, nami nilikuwa na nafasi pale pale ya kucheka, kukuonyesha ndizi, na wewe ungecheka kutuzidi. Badala yake nikasema, "Nimeagiza. Iko njiani." Ni maneno niliyokuwa nikiwaambia watu dirishani kila siku kuhusu faili zao. Yalinitoka bila kusita.

Basi kila Jumapili ukawa unauliza. Unavua kofia, unaweka ndizi mezani, unakaa, unasema, "Onsongo, Ekotir vipi?" Nami najibu iko njiani, na ili usichoke kungoja nakuongezea kidogo. Nikakuambia wimbo wao unaanza kwa mvua, mvua tupu, hakuna chombo. Nikakuambia una mapigo saba, nikikurudishia maneno yako mwenyewe kana kwamba ni elimu yangu. Nikakuambia mpiga besi wao hupiga noti moja tu, mwanzo mpaka mwisho, bila kubadilisha, na kwamba huo ndio ujasiri wa sanaa. Wewe ukatoa daftari ukaandika. Mogaka akiona unaandika anainuka kwenda kutazama dirishani, mabega yanamtetemeka.

Ilichukua karibu miaka miwili, Ombati. Utani wa siku moja huwa ni utani. Sijui wa miaka miwili unaitwaje, ila najua si jina zuri.

Halafu siku ya mgeni. Binamu yake Mogaka, mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Nairobi, suruali pana chini, nywele zimejaa, mtu wa kusema "bendi hiyo imeshapitwa" kabla hujamaliza kutaja jina. Alikaa kwenye kiti chako. Alikuwa ameshanizidi kwa majina matatu nisiyoyajua, nikihisi mtaalamu wa Kisii anavuliwa nguo mbele ya watu. Nikatafuta wa kumvua badala yangu. Nikasema, "Mwalimu, mweleze mgeni habari za Ekotir." Tulikuwa tumeshamdokezea siri.

Ulisimama, kama unavyosimama mbele ya kwaya. Ukaeleza. Ukasema wimbo unaanza kwa mvua, lakini si mvua ya popote, ni ile inayoanzia mlima wa pili na kuja juu ya chai, unaisikia kabla haijakulowesha. Ukasema ndipo sauti za wanawake zinaingia moja moja, kama wanaoitana watoe nguo kwenye kamba. Ukaeleza mahali ambapo wote wananyamaza isipokuwa yule wa noti moja, na mtu anatambua kwamba kumbe alikuwa hapo muda wote. Mgeni aliziba mdomo kwa mkono. Mogaka alitoka uani. Mimi nilibaki na uso mkavu wa karani.

Ukamaliza kwa kusema, "Lakini mwenzangu hapa ndiye aliyeisikia. Mimi nangoja aniletee." Ukanitazama. Hukumtazama mgeni wala mlango uliotoa kicheko. Ulinitazama mimi, na ukangoja. Nilidhani ni macho ya mtu anayeamini kila kitu. Nikasema, "Iko njiani," na mgeni akaanguka kitini kwa kicheko.

Wewe ulichukua kofia yako. Ukatuachia ndizi.

Mara ya mwisho ulikuja katika mvua za masika, unakohoa. Hukukaa muda. Mlangoni ukageuka ukauliza tena, "Onsongo, Ekotir vipi?" Nilikuwa nafuta santuri kwa kitambaa, sikuinua hata kichwa. Maneno ya mwisho uliyoyasikia kutoka kwangu ni hayo hayo mawili ya dirishani.

Wiki tatu baadaye nilikuwa Keumbu kwa kazi, mama mmoja wa kwenu anayeuza mboga akaniuliza kama ningefika mazishini. Nikauliza mazishi ya nani. Alinitazama vibaya, na alikuwa na haki. Nimonia, akasema. Siku nne hospitalini.

Nilikuja. Wakanipa nafasi ya kusema, rafiki wa mjini, mtu wa ofisi. Nikasimama kando ya jeneza lako nikasema tulipenda muziki pamoja. Nikatumia neno heshima. Mogaka alikuwa akitazama viatu vyake. Watu wakaitikia, na mimi nikashuka nikajihisi nimesema vizuri. Hiyo ndiyo inayoniumiza kuliko nyingine, kwamba nilijihisi nimesema vizuri.

Halafu mke wako, Kemunto, akaja ofisini. Alipanga foleni kama watu wengine, mtoto mgongoni, mpaka akafika dirishani kwangu. Nikaanza kumwambia pole nyingi, shemeji, akanikata, akapitisha daftari chini ya vyuma vya dirisha. Daftari la shule, la mistari. Juu ya jalada, kwa herufi zako kubwa za darasa la kwanza: EKOTIR. Chini yake, kwa ile penseli nyekundu ya kusahihishia: RITOKE. Na pembeni, alama ya vema.



Kemunto akanieleza akiwa amesimama, watu wakiguna nyuma yake. Kwamba uliliandika jina pembeni ya ubao, kujikumbusha kuandika barua kwa duka la santuri la Kisumu. Kwamba kitoto kimoja cha darasa lako, kinachojifunza kusoma na bado hakijui neno linaanzia upande upi, kilisimama kikalisoma kutoka mwisho, ri-to-ke, darasa zima likapiga makofi. Kwamba ulirudi nyumbani siku hiyo ukamsimulia, ukacheka mpaka ukakaa chini. Ilikuwa mwezi wa kwanza tu wa utani ule. Mwezi wa kwanza, Ombati.

Alisema alikukataza kuja kwangu tena. Alisema ulimjibu, "Ataniambia mwenyewe." Na kila Jumapili ukirudi alikuuliza, amekuambia, nawe unasema bado. Kisha akaniuliza mimi, bila kupandisha sauti, "Shemeji, kwani ilikuwa ngumu hivyo?" Nilikuwa na muhuri mkononi, sijui nilitaka kugonga nini.

Kwa hiyo ulijua. Siku ya mgeni ulijua. Kila uliponiuliza Ekotir vipi ulikuwa unanifungulia mlango, nami kila mara naufunga na kuutia kufuli la ziada. Sisi tulidhani tunakuchezea kumbe wewe ndiye uliyekuwa ukitulea, kama unavyowalea wale wa darasa la kwanza, unauliza swali lile lile mpaka mtoto apate mwenyewe. Sikupata.

Ndani ya daftari kuna kurasa kumi na moja za solfa. Sauti nne, mapigo saba. Umeandika kila nilichokudanganya, hukuacha hata kimoja. "Ianze kwa mvua: waimbaji wote wasugue viganja, kwanza walio nyuma." Soprano wanaingia mmoja mmoja. Alto, majina yapo. Teno, majina yapo. Na chini kabisa, katika ukurasa wa kwanza: "Besi ya chini: Onsongo. Noti moja, d, mwanzo mpaka mwisho. Anaiweza."

Nililisoma hilo neno chooni, mlango nimeufunga, kwa sababu ofisini hakuna mahali pengine pa kulilia.

Yamebadilika machache tangu uondoke. Chai yako inachumwa na shemeji zako. Darasa lako amepewa binti mmoja mpole anayetoka Kenyenya. Mogaka tumeacha kukutana Jumapili. Nilimwonyesha daftari, akasoma jalada, akasema ilikuwa utani tu. Nikamwambia utani ni wakati wote wawili wanacheka. Akaniambia mimi ndiye niliyelibuni jina, na hapo alisema kweli, nikarudi kwangu. Sheria ya mguu nimeifuta. Nasikiliza santuri zile zile na mguu unaruka utakavyo, na mara nyingine unapotea njia.

Kwaya yako iliniita. Wanataka kuimba wimbo wako siku utakapowekewa saruji kaburini, ila hawajui jina lina maana gani, na Kemunto alikataa kuwaambia. Aliwaambia wamuulize karani wa Kisii. Basi Jumapili iliyopita nikaja, wakanikalisha mbele, watu ishirini na kitu, wakauliza. Na sasa sikia nilivyo, Ombati, usije ukadhani nimekuwa mtu mzuri: nilifungua mdomo, nikajisikia nikisema, "Ni neno la Kijerumani." Lilitoka lenyewe. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Kemunto alikuwa amekaa pembeni ananyonyesha. Alinitazama kama ulivyonitazama wewe siku ile, akangoja.

Nikaomba chaki. Nikaliandika ubaoni kwa herufi kubwa, nikawaambia walisome kutoka mwisho. Walicheka kwanza. Nikawaeleza yote, ndizi, mgeni, mvua ya uongo, miaka miwili, na kicheko kikapungua mpaka kikaisha. Yule mama mnene wa alto, unayemjua, akasema, "Kwa hiyo ulikuwa unamcheka."

Nikasema ndiyo.

"Na yeye akakuandikia sauti."

Nikasema ndiyo.

Akanyoosha mkono kuelekea nyuma, kwenye kona ya besi. "Basi kasimame mahali pako."

Nikaenda. Tukasugua viganja, na nakuapia mvua ilikuja, kutoka nyuma kwenda mbele, kama ulivyoandika. Wanawake wakaingia. Nikashika noti yangu. Ni ngumu, Ombati. Nilikuwa nikisema ni ujasiri wa sanaa, sikujua kwamba ni kazi. Pumzi inaisha, wengine wanapanda na kushuka, unatamani uwafuate, na huruhusiwi. Katika ukurasa wa nane wote wakanyamaza, nikabaki peke yangu na hiyo d yako, nikaikosa. Walinicheka kidogo. Nikaomba turudie.

Najizoeza kila jioni nikitoka kazini. Mwenye nyumba anadhani ninaumwa. Siku ya saruji nitasimama kona ya besi na sitaikosa, na baada ya hapo nitaendelea kuja, kila Jumapili, kwa basi lile lile ulilokuwa ukipanda wewe kuja kwangu. Sikuombi unisamehe. Uliniuliza swali na nakuletea jibu, nimechelewa tu, kama faili zote zinazopita mikononi mwangu.

Pumzika, Mwalimu. Ekotir iko njiani. Safari hii sijakudanganya.

Wako wa besi ya chini,
Onsongo